Sentensi ya Kwanza ya Siwema

Kabla hujakaa vizuri, tegua hiki. Nina kitu, nikikianza ni changu, nikikimaliza ni chenu.

Fikiri, sina haraka. Si wali, maana wali nikiumaliza mwenyewe mtabaki mnanitazama. Si nguo, nguo naweza kuishona hadi pindo la mwisho kisha nikaivaa. Na wewe uliyesema mtoto, umepita karibu na nyumba ila hukubisha hodi, maana mtoto hamaliziki.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Anayeshindwa kutegua humpa mtegaji mji, mtegaji akaenda huko, akakaribishwa, akala vya watu, na akirudi ndipo hutoa jibu. Wajukuu zangu wameshanipa miji mingi. Nimekwenda Pangani, nimekwenda Kilwa, Mombasa nimekwenda mpaka wenyeji wamenichoka, na yote hiyo nikiwa nimekaa kwenye mkeka huu huu napepeta mchele. Siku ninayoisimulia, mjukuu wangu Raiye alikuwa amemaliza miji yote anayoijua na usingizi umemkamata, akasema, "Nakupa Sanifu, bibi." Nikamuuliza Sanifu iko wapi. Akasema hajui, ila nimeshapewa. Kweli, mji ukishapewa haurudishwi. Nikaenda.

Habari za njia niziache, njia zote zina vumbi. Nianze langoni.

Mlinzi wa lango la Sanifu alikuwa mtu mtaratibu, amevaa suruali iliyopigwa pasi na kuweka chaki nyekundu mfuko wa shati. Aliniuliza nimebeba nini. Nikasema nimebeba kitendawili tu, nikamtegea. Hakutegua. Alinitaka nirudie polepole, akafumba macho akisikiliza, kisha akaniambia kwamba "kitu" ni neno pana mno, kwamba katika "nikikianza" zimo ki mbili zinazosukumana mlangoni, na kwamba niliposema "chenu" sikuwataja hao wenye nacho. Angekipokea kitendawili changu kikishatengenezwa.

Nikamuuliza kama jibu lake analijua.

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la chumbani. Akasema jibu ni hatua ya baadaye. Hapo nikaanza kuielewa nchi niliyopewa.

Wageni wa Sanifu hupangiwa nyumba za kulala. Mimi nilipangiwa kwa mtunzi wa riwaya aitwaye Siwema, mwanamke wa makamo, mrefu, vidole vyake vyeupe kwa chaki. Aliishi na mama yake, Bi Mashavu, ambaye masikio yalikuwa yanamwacha. La kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilikuwa kama redio ya betri zinazokwisha: lilisikia asubuhi, jioni likakata. Bi Mashavu alipoambiwa nimekuja na vitendawili alinishika mkono akanikalisha kando yake, upande wa kulia, na tangu hapo akawa ananiita mwenzangu.

Sasa niwaeleze desturi kubwa ya nchi ile, maana bila hiyo hamtanielewa.

Katika Sanifu mtunzi haandiki karatasini. Huandika ubaoni, na ubao wenyewe husimamishwa barazani, umeuelekea mtaa, chini ya upenu ili mvua isiufikie. Pembeni yake huning'inizwa chaki nyekundu kwa uzi. Mtunzi huandika sentensi moja. Kila apitaye ana ruhusa ya kuchukua ile chaki nyekundu na kusahihisha. Ikitokea sentensi imeshinda tangu jua kutoka hadi jua kuzama pasipo mkono kuigusa, basi imepita. Mtunzi huinakili karatasini na kuandika ya pili. Ikiguswa, huifuta, huitengeneza, na kesho yake huanza upya. Wana sheria yao fupi: sentensi yenye kasoro haivukwi.

Si sheria mbaya ukiisikia mara ya kwanza. Hata mimi niliitikia kichwa. Tabu ni kwamba mtu akipita mbele ya ubao bila kuugusa, watu wa Sanifu humhesabu hajui kusoma. Kwa hiyo kila anayepita hugusa. Anayekwenda sokoni hugusa, anayerudi hugusa alichogusa wa kwenda. Nilimwona mama mmoja ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani akahamisha koma kwa kidole cha mguu.

Siwema alikuwa na riwaya nzima kichwani. Ubaoni alikuwa na sentensi ya kwanza. Ilisema hivi: "Jiko lao lilipopoa, mama alimtuma Kidawa akaombe moto kwa jirani." Nimeinukuu ilivyokuwa siku niliyofika. Kesho yake jiko lilikuwa limezimika badala ya kupoa. Kesho kutwa lilikuwa limepoa tena, ila mama amekuwa mama yake. Ile koma ilikuwa inatembea kama kuku asiye na banda.

Nilidhani mtunzi wa riwaya ni mtu anayekaa dirishani akingoja mawazo yamshukie. Siwema sikumwona hivyo hata siku moja. Aliamka, akafagia baraza, akachemsha chai ya mchaichai, akampelekea mama yake, kisha akakaa kwenye kigoda akisoma michoro myekundu ya jana. Alisoma kwa uvumilivu, mmoja mmoja, kama mtu anayetoa miiba kwenye kanga. Akafuta, akaandika. Akasimama nyuma akatazama. Akakumbuka kwamba vikombe havijaoshwa, akaenda kuosha vikombe ambavyo niliviona vimeshaoshwa. Akarudi. Nilimuuliza kama kuosha vikombe nako ni kazi ya utunzi, akacheka akasema ndiyo sehemu kubwa yake.

Alasiri alikwenda semina. Sanifu ina semina nyingi kuliko visima. Tulikwenda pamoja kwenye ile iliyojaa kupita zote, iitwayo Namna ya Kumaliza Riwaya. Mwalimu alikuwa mtu wa heshima, anazungumza vizuri, wanafunzi wake wengine wana mvi. Nilimuuliza jirani yangu kwenye benchi wamefika wapi. Akasema wako somo la kwanza. Nikamuuliza kama mwalimu mwenyewe ameshamaliza riwaya. Yule jirani akaniambia kwa upole kwamba swali langu lina "ameshamaliza" mahali ambapo "amewahi kumaliza" ingekaa vizuri zaidi, na nikakiri kwamba kweli ingekaa.

Msije mkadhani kwamba watu wale walikuwa wapumbavu. Mtaa wa Siwema ulikuwa chini ya msimamizi aitwaye Haidari, mzee mwembamba, msafi, ambaye alikaa benchi la mbele ya nyumba kutwa nzima na wenzake wawili watatu, kazi yao kuamua ugomvi wa chaki. Alinipenda kwa sababu nilimsikiliza, na mimi nilimpenda kwa sababu alichosema kilikuwa na maana. Aliniuliza shule yangu ilifika wapi, nikamwambia darasa la nne, akasema inatosha kabisa kwa mtu mwenye masikio.

Akaniambia andiko lolote ujisomee kwa sauti, na pumzi ikikukatika kabla ya nukta, igawe sentensi hiyo. Ukiwakuta "ambaye" wawili ndani ya sentensi moja, mmoja kaja bila mwaliko. Na mara nyingi hata yule mmoja anaweza kukaa ndani ya kitendo, useme "mtu aliyekuja" badala ya "mtu ambaye alikuja". Mwenye kutenda umtaje mapema, msomaji asikae anauliza nani kafanya. Ukiwa umeanza na jana usirukie leo bila kumpa msomaji mkono avuke. Na ukishasema mtu alilia, mwache alie, usimwongezee uchungu na huzuni na majonzi, machozi yanatosha.

Haya yote nimeyashika, na mengine nayatumia sasa hivi ninapowasimulia. Nilimuuliza jambo moja tu. Je, mambo hayo mtu huyafanya akiwa anaandika sentensi ya kwanza, au akishamaliza kitabu chote? Akasema kila sentensi, hapo hapo, kabla ya nyingine. Nikamwambia mimi nikipika mchuzi siuonji chumvi kabla nyama haijaingia sufuriani. Haidari akafikiri, akasema upishi hauko katika mtaa wake.

Lililonigusa mimi lilikuwa la Bi Mashavu.

Siwema alikuwa amemsimulia mama yake hadithi ya Kidawa kwa vipande, wakipepeta, wakichambua mboga. Hilo linafumbiwa macho Sanifu, mradi ni mwanzo na katikati. Bi Mashavu naye alinisimulia mimi, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. Kidawa alikwenda kwa jirani, na jirani naye jiko lake limepoa, akamwelekeza nyumba ya pili. Ya pili hivyo hivyo. Mji mzima majiko yalikuwa majivu. Akaenda mpaka nyumba za mwisho, kwa watu wasiojua jina lake wala la mama yake, na huko, kwa bibi mmoja mkali, akaona moshi. Bibi yule akafungua mlango. Hapo Siwema aliishia.

"Nikamuuliza, moto ulifika?" Bi Mashavu aliniambia. "Akasema bado haujapita. Namuuliza kila Ijumaa. Sasa sikio lenyewe nalo linataka kuniaga, mwenzangu. Mimi sitaki kitabu. Nataka kujua kama yule mama aliyeachwa na jiko baridi alipata moto wake."

Nilimuuliza Siwema jikoni kwa nini asimwambie mama yake mwisho tu, basi. Akaacha kukuna nazi. Akanieleza kwamba kutamka mwisho ambao haujapita ubaoni ndilo kosa kubwa kuliko yote. Aliyelifanya hugeuziwa ubao. Msimamizi huja, huushika ubao kwa pande mbili, huuelekeza ukutani, na tangu siku hiyo mtu yule si mtunzi tena. Hana kigoda semina, hana jina, watu humwita msemaji. Akanionyesha kwa kidole kupitia dirishani. Ng'ambo ya mtaa kulikuwa na mtu anachoma vitumbua, anaitwa Makungu. Alikuwa mtunzi mashuhuri wa sentensi ya kwanza; watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuisoma. Siku moja watoto walimzonga, akawaambia mwisho wa hadithi yake. Ubao wake bado uko barazani, uso ukutani, kuku wanalala juu.

Nilikwenda kununua vitumbua. Nikamuuliza Makungu kama anajuta. Akasema asubuhi hajuti, jioni anajuta kidogo, pale watunzi wanapopita kwenda semina na kumsalimu kwa kichwa. Akanipa kitumbua cha ziada. Kilikuwa kizuri.

"Ungemnong'oneza mamako usiku mmoja," nilimwambia Siwema niliporudi.

Akasema ile ya kunong'ona imekwisha muda wake. Zamani kidogo angeweza. Sasa mama yake ukitaka akusikie neno moja, mtaa mzima utalisikia. Alisema hivyo akainama kwenye mbuzi ya nazi, akaendelea kukuna hata pale nazi ilipokuwa imekwisha na kifuu kinalia.

Alikuwa amebakiwa na tumaini moja. Ugomvi wa sentensi yake ulikuwa umefika kwenye Baraza kuu la Sanifu, na Baraza likiamua, sentensi hufungwa kwa muhuri na hakuna wa kuigusa tena. Tulikwenda wote, tukimshika Bi Mashavu huku na huku.

Baraza la Sanifu ni jumba refu, na juu ya mlango wake pana nafasi ya maneno ya kukaribisha, ambayo wajumbe hawajayaafiki. Swali la siku hiyo lilikuwa kama moto huombwa au huazimwa. Mjumbe wa kwanza alisema neno ni kuazima, kwa sababu Kidawa anatoka kwa jirani na kitu ambacho si chake. Wa pili akasema kuazima ni kuchukua kwa nia ya kurudisha, na hajapata kumwona mtu anarudisha moto. Wa tatu akasimama akasema huko kuomba kwenyewe hakufai, kwa sababu anayeombwa hupungukiwa, na jirani akitoa kaa moja jiko lake linawaka vile vile. Basi neno linalostahili halijapatikana, na iundwe kamati ya kulitafuta. Walizungumza vizuri, nawaambia kweli. Sijasikia Kiswahili kitamu kama kile tangu nizaliwe.

Mjumbe mwanamke, Bi Zena, aliuliza kama yule mtoto alikuwa na viatu. Spika akamwambia viatu havimo katika sentensi. Akajibu kwamba anajua, alitaka tu kujua. Akaambiwa akae. Halafu mkutano ukaahirishwa kwa chai, na baada ya chai kamati ikaundwa, na katika kamati ukazuka ugomvi wa jina la kamati.

Bi Mashavu alikuwa ameshika mkono wangu muda wote akitazama midomo yao. Tulipotoka aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia kwa nguvu zangu zote kwamba wamesema kesho. Akasema, "Wamesema maneno mengi kwa kesho moja."

Baada ya hapo ilinyesha. Mvua ya siku ile ilikuwa nzito, mtaa ukawa mto mdogo, hata benchi la Haidari likabaki tupu. Mtu hakupita. Asubuhi hakupita mtu, mchana hakupita mtu. Siwema alikaa kwenye kigoda akiitazama sentensi yake na sikumwona akienda kuosha chochote. Mimi na mama yake tulikaa nyuma yake. Tulikuwa kama watu wanaolinda maziwa yasimwagike jikoni. Jioni mawingu yakapasuka kidogo upande wa magharibi, tukaliona jua limebaki kama ukucha.

Ndipo akaja Pandu, muuza makaa, anakimbia na gunia lake kichwani, akaingia upenuni mwetu kukwepa matone. Akajifuta uso. Akageuka, akauona ubao. Akatuona sisi watatu tunamtazama.

Pandu hakuwa anajua kusoma. Nililiona hilo kwa namna alivyouangalia ubao kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa. Siwema alitikisa kichwa, taratibu, kumwomba. Yeye akadhani anamcheka. Akashika chaki nyekundu, akatafuta mahali, na kando ya nukta ya mwisho akaweka nukta nyingine. Kisha akatusalimu kwa adabu akatwaa gunia lake, akaondoka katika mvua akiwa ameinua kichwa.

Jua likazama. Siwema akachukua kitambaa.

Usiku ule Bi Mashavu alisikia neno moja katika matatu. Asubuhi tulipomsalimia alijibu salamu ya mtu mwingine. Niliinamia sikio lake la kulia nikaita jina lake, na alipogeuka, aligeuka kwa sababu ya pumzi yangu shingoni.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mvua ilikuwa imekata na mtaa wote umetoka nje, kama kawaida baada ya mvua. Benchi la Haidari lilijaa. Watu walikuwa wamezunguka ubao, wanajadili zile nukta mbili za jana ambazo Siwema alikuwa ameshazifuta. Wapo waliosema zilikuwa na hekima. Makungu alikuwa ng'ambo anageuza vitumbua. Bi Mashavu alikuwa amekaa mlangoni, na kwa kuwa hasikii, alidhani wengine pia hawasikii. Akauliza kwa sauti ya kuita mtu shambani:

"Siwema, leo Ijumaa. Moto ulifika?"

Haidari akasimama, akamjibu kwa heshima kwamba swali lake halijafika wakati wake. Bi Mashavu hakumsikia. Akauliza tena.

Siwema alikuwa ameshika chaki nyeupe. Aliniangalia mimi. Nilikuwa mgeni, nina kitendawili changu tu, na hapo nikakumbuka kwamba bado hakijateguliwa na mtu. Nikamwinamia Bi Mashavu, nikaweka mdomo wangu kwenye lile sikio la kulia mpaka kanga yangu ikamfunika uso, nikamwambia neno baada ya neno: nina kitu, nikikianza ni changu, nikikimaliza ni chenu.

Kwenye benchi mtu akaanza kusema kwamba ki mbili zinasukumana. Haidari akamwashiria akae kimya.

Midomo ya Bi Mashavu ilikuwa inarudia, bila sauti. Kisha akacheka, akanipiga gotini.

"Sikupi mji," akasema. "Ni hadithi." Na cheko likamtoka usoni, kwa sababu alikuwa ameshageuka kumtazama binti yake. "Kumbe si ubao peke yake, Siwema. Nawe umeikumbatia. Unaogopa ukiimaliza itakuwa yetu."

Siwema akatazama ile sentensi, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa nzuri kuliko siku zote nilizoiona, haina neno la kuongeza wala la kutoa, na hata mimi niliona ingeweza kupita siku yoyote sasa, labda kesho, labda mwezi ujao. Akaitazama chaki. Haidari akamsogelea, akamwambia kwa sauti ndogo amkumbuke Makungu. Hakumtisha, alikuwa anamwonea huruma. Akaushika ubao kwa pande mbili kama inavyompasa, akakaa tayari.

Lakini nilimwona mzee yule vizuri, nilikuwa karibu. Alikuwa amekaa benchi hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akiilinda safari ya Kidawa isitoke mlangoni kwao. Mikono yake ilikuwa kwenye ubao, na uso wake ulikuwa umemwelekea Siwema, kinywa wazi kidogo. Kwenye benchi wenzake walikuwa wamesogea mbele. Bi Zena alikuwa amesimama katikati ya barabara na kikapu chake. Pandu ameshusha gunia. Ng'ambo, Makungu aliacha vitumbua, nikasikia harufu ya kuungua, na hakuna aliyemwambia.

Siwema akaweka chaki chini. Akaja akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mashavu kwa mikono yake yenye vumbi jeupe, na kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kumfikia, akapaza sauti hadi mwisho wa mtaa.

"Ulifika, mama. Lilikuwa kaa moja tu, amelibeba kwenye kigae. Njiani kila nyumba iliyokosa moto ikatoka nje ikawasha kwake, na yeye hakumnyima hata mmoja. Alipofika kwa mama yake, lilikuwa bado linawaka."